Breki za Fundi Cherehani

Mwiba ni kitu kidogo. Hauna mdomo wa kukuonya wala uzito wa kukuangusha, na ukimchoma mtu mguuni, wengi huutazama, wakasonya, wakaendelea na safari. Maumivu yake ya kwanza hayazidi ya kuumwa na chungu. Lakini uchafu ulioingia nao haulali. Siku ya tatu kiatu hakivaliki, siku ya saba mguu umevimba tende, unabebwa kama mzigo wa mtu mwingine. Ndiyo maana waliotutangulia wakasema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende: apuuzaye dogo analoliona hupatwa na kubwa asilolitarajia. Kuna mtu aliyeijua methali hii tangu darasani, akaiandika kwa hati nzuri na kupewa alama zake zote, kisha ukubwani akaithibitisha kwa mguu wake mwenyewe.

Alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Sentimita kwa sababu utepe wake wa kupimia haukutoka shingoni hata alipokwenda msibani. Kwa nguo hakuwa na mzaha. Pindo likipinda kwa upana wa uzi, alilifumua na kulishona upya, hata kama mteja mwenyewe amesimama mlangoni akiapa kwamba haoni huko kupinda. Mkewe alikuwa mkunga katika zahanati iliyojengwa juu ya kilima, na kila siku ya kazi alipanda na kuteremka barabara ile ya kilimani kwa gari lao dogo, kuukuu, lenye rangi ya maziwa yaliyochacha.

Wiki moja breki za gari hilo zikaanza kulia. Kila mkunga alipokanyaga, magurudumu ya mbele yalitoa sauti kama ya kisu kinachonolewa kwenye sahani. Alimpigia simu mdogo wake wa kiume, ambaye alikuwa fundi magari, akamweleza. Yule kijana alisema kwamba pedi za breki zimekwisha, akaahidi kuja Jumapili mchana na vifaa vyake pamoja na stendi za chuma za kulishikilia gari. Akaongeza kwamba mpaka hapo gari lisiendeshwe, na mtu asilifungue.

Sentimita aliambiwa maneno hayo yote, na neno "mtu" likamchoma kama pini. Alijua ni yeye anayesemwa. Mwaka uliopita, mbele ya ukoo mzima, shemeji yake alimwomba afungue boneti, naye akaenda nyuma kufungua buti. Watu walicheka mpaka mama mkwe akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Tangu siku ile Sentimita alikuwa akitafuta nafasi ya kujitoa kimasomaso.

"Gari ni cherehani iliyonenepa tu," alimwambia mkewe Ijumaa jioni, akiweka mezani boksi la pedi mpya. "Ina nati, ina springi, inataka mafuta. Nimefungua cherehani miaka ishirini na miwili. Kitanishinda nini?"

Mkewe alimkumbusha kwamba cherehani haijawahi kumwangukia mtu. Sentimita alicheka, akasema keshokutwa shemeji atakuja na kukuta kazi imekwisha, na uso wake utakuwa mrefu kama suruali isiyokatwa.

Jumamosi asubuhi, baada ya watoto kwenda kwa bibi yao, Sentimita alivaa ovaroli aliyojishonea mwenyewe, akaingia uani. Alikuwa ameangalia mara nne video moja kwenye simu yake, ya mtu aliyebadilisha pedi kwa dakika kumi na moja huku akitabasamu. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba jeki peke yake haiaminiki, kwa hiyo alikwenda nyumba ya jirani, ambako waashi watatu walikuwa wakijenga ukuta, akaomba matofali manne ya saruji, yale yenye matundu. Mzee wa waashi alimwonyesha rundo la pembeni. Alimwambia achukue tu, kwani hayo wameyatenga, hayakunyweshwa maji vizuri yalipofyatuliwa, na ukutani hayafai. Sentimita alishukuru na kuyabeba mawili mawili. Kwamba tofali lisilofaa kubeba tofali mwenzake haliwezi kubeba gari, hilo halikumpitia akilini.

Alilinyanyua gari kwa jeki, akapanga matofali chini ya chuma cha ubavuni, mawili kila upande, kisha akaishusha jeki taratibu mpaka uzito wote ukakaa juu ya saruji. Gari lilitulia. Akatoa magurudumu yote mawili ya mbele, akarudi nyuma hatua mbili na kulitazama kwa jicho lile analotazamia koti lililokamilika.

Mkewe alitoka na beseni la nguo za kuanika. Alipopita karibu na gari, alisimama.

"Baba watoto, hili tofali la huku lina ufa."

Sentimita aliinama. Ni kweli, upande wa kulia, kwenye tofali la juu, kulikuwa na mstari mwembamba kama uzi mweusi kutoka tundu hadi ukingoni. Aliugusa kwa ukucha. Mtu huyu ambaye asingekubali pindo lililopinda kwa upana wa uzi aliutazama uzi ule wa saruji na kusema kwamba ni alama tu ya kukauka, kila tofali linayo. Mkewe aliutazama tena, akamtazama na yeye, kisha akaenda kwenye kamba ya nguo.

Upande wa kushoto aliumaliza kabla ya saa nne. Ilikuwa kazi ya jasho, si ya tabasamu kama kwenye simu. Pedi moja ilikataa kukaa, ikawa inagota kila anapoisukuma, mpaka akaigongea kwa mpini wa nyundo ikaingia. Alijisemea kwamba kitu kipya sharti kibane. Kisha, kwa kuwa mambo yalikuwa yananyooka, alitandika kadibodi, akalala chali na kujisukuma chini ya gari hadi mabegani, kuangalia kama kuna mahali panapodondosha mafuta. Akiwa kule alihisi vumbi laini likimwangukia sikioni, kama unga unaochekechwa. Akalifuta, akatafuta kidogo, asione kitu, akatoka.

Alihamia upande wa kulia. Aliketi chini, mguu wa kushoto ameukunja, wa kulia ameunyoosha chini ya ile sahani nzito ya chuma ambayo pedi huibana gari linaposimama. Alikuwa ameshika spana, anavuta nati ya pili.

Tofali halikupasuka kwa kishindo. Lilitoa mlio mdogo, ta, kama biskuti inayovunjwa, kisha likageuka mchanga. Gari likashuka mara moja. Baada ya hapo ua mzima ukawa kimya, na vumbi la kijivu likapanda polepole mbele ya uso wake.

Sentimita hakupiga kelele. Aliutazama mguu wake ulivyoingia chini ya chuma na usitokee upande wa pili, akajaribu kuelewa ni mguu wa nani. Hakusikia maumivu yoyote. Spana ilikuwa bado mkononi. Akaiweka chini kwa uangalifu, kana kwamba kuna mtu atakayeihitaji.

"Mama watoto," aliita kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa, "hebu njoo mara moja."

Mkunga aligeuka na pegi mdomoni. Mwanamke huyu alikuwa ameshika damu ya watu kwa miaka kumi na mitano, na kuna watoto mia kadhaa waliofika duniani kupitia viganja vyake. Alipoona mahali mguu wa mumewe ulipoishia, pegi ikamdondoka. Aliikamata kamba ya nguo kwa mikono yote miwili, kamba ikakatika, na mashuka meupe yakalala matopeni.

Kisha mikono yake ikatangulia kabla ya akili. Aliwaita waashi kwa sauti iliyovuka ukuta, akapiga magoti nyuma ya mumewe, akamkumbatia kifuani ili asijivute. Maana sasa maumivu yalikuwa yamefika. Yalifika yote kwa pamoja, na Sentimita akaanza kutapatapa kama kuku aliyefungwa.

"Usijivute," mkewe alimwambia sikioni. "Nisikilize mimi. Vuta pumzi puani. Toa mdomoni. Tena. Vizuri, baba, vizuri, usisukume."

Yalikuwa maneno yale yale anayowaambia kina mama wakati wa uchungu, na hakuwa na mengine. Naye Sentimita akavuta na kutoa, akavuta na kutoa, macho yamemtoka pima.

Waashi waliruka ukuta. Mzee wao alipoliona tofali lililosagika alilitambua, akajishika kichwa. Watatu wakaweka mabega chini ya bampa, wakalinyanyua gari kimo cha kiganja kimoja hivi, na mkunga akamvuta mumewe nje. Kandambili ilibaki kule chini, imekuwa bapa kama karatasi.

Mkunga alikimbia kibarazani kwenye meza ya kazi, akarudi na kitambaa cha kwanza alichokikuta pamoja na rula ya mbao. Alipoanza kukirarua, Sentimita alinyanyua kichwa na kunong'ona kwamba hicho ni cha mteja, kinatakiwa Jumatano. Mwashi mmoja alitaka kucheka, akajikuta analia. Mguu ukafungwa kwa rula na kitambaa cha suti, ikatafutwa teksi, wakaenda hospitali.

Mchana ule daktari alitoka na picha. Alieleza kwamba mifupa mitano imevunjika na vidole viwili vya mwisho havitaokolewa. Mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa, umekuwa mnene kuliko paja, hauna kifundo wala unyayo unaotambulika. Sentimita alipofunuliwa shuka aligeuza uso ukutani. Aliuliza jambo moja tu: kama mguu huo utaweza tena kukanyaga cherehani. Daktari hakumficha. Alisema utatembea, lakini kukanyaga kutwa nzima, asitegemee.

Jioni shemeji akafika. Alikuwa amepitia nyumbani kwanza kulitoa gari pale lilipolala. Mkunga alimwandalia kiti, lakini hakuketi. Sentimita alifumba macho akingoja kusimangwa. Hakusimangwa.

"Shemeji," kijana alisema, "nimekuta kadibodi chini ya gari. Ina alama ya mabega. Ulikuwa umelala pale?"

Sentimita alisema ndiyo, kidogo tu, kama nusu saa kabla.

"Lile gari lilivyoshuka, nimejaribu kupitisha mkono kati ya chuma na ile kadibodi. Mkono haukupita."

Mkunga aliketi ghafla kwenye kile kiti alichomwandalia mdogo wake. Sentimita alikumbuka unga ule uliomdondokea sikioni. Aliinua mkono, akajigusa sikio.

"Na kuna jingine," shemeji aliendelea. "Nimefungua upande wa kushoto, ule uliomaliza. Pedi moja umeiweka kinyumenyume. Chuma kimetazama chuma. Ingeshika siku moja, labda mbili."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Jumatatu asubuhi mkunga angelichukua gari. Lingepanda bila tatizo. Jioni angeteremka ile barabara ya kilimani, pale ambapo chini kabisa, kwenye kona, kuna shule na kina mama wauza mboga, na mara nyingi huwa amempakia mama mmoja aliyejifungua pamoja na mtoto wake.

Mkunga alimtazama kama mtu anayemwona mgeni aliyevaa nguo za mumewe. Ndipo Sentimita, ambaye hakulia chini ya chuma wala mbele ya daktari, akalia kwa sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Alikuwa akirudia kwamba iligota, alihisi kabisa inagota, na akaigongea. Shemeji alimshika mkono, naye akalia pia.

Ilipita miezi saba kabla ya mlango wa duka lake la ushonaji kufunguliwa tena. Kazi yote ya gari lao sasa ilikuwa ya shemeji: Sentimita hakugusa hata kofia ya tangi la maji. Alijifundisha kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, na nguo zake za mwanzo zilipinda kama za mwanafunzi. Alizifumua moja baada ya nyingine. Kwa wiki nyingi mkewe aliusafisha mguu ule bila utani wowote; na siku alipoanza tena kumtania, akimwita mzazi wake mgumu kuliko wote aliowahi kuwazalisha, Sentimita alijua kwamba amesamehewa.

Wateja walimuuliza kilichompata. Angeweza kusema ni ajali, wakampa pole yakaisha. Hakufanya hivyo. Mteja mmoja, bwana aliyekuja kupimwa kanzu, aliposikia habari za tofali alisikitika na kusema kwamba ni bahati mbaya, ufa kama ule mtu hauoni.

"Niliuona," Sentimita alimjibu, huku akivuta utepe begani mwa yule bwana. "Mke wangu alinionyesha. Nikaugusa kwa ukucha huu."

Yule bwana alimtazama usoni, akautazama mguu uliowekwa juu ya kigoda, mpana, umekakamaa, haujarudi umbo lake na hautarudi. La kusema lilikuwa limekwisha kusemwa zamani, na waliolisema hawakuwahi kuona gari: mdharau mwiba mguu huota tende.