Bi Nguchiro na Afande wa Darajani

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Sema wewe!
Pakawa na daraja. Daraja likawa na ukungu, asubuhi hadi adhuhuri. Ukungu ukawa na afande. Nanyi madereva mnaopenda kuitwa pembeni, sogeeni karibu.

Hapo darajani alisimama Fisi, kavaa sare nyeupe, filimbi shingoni. Akaja Kicheche na gari lake. Priiii!

"Una kosa," akasema Fisi. "Shuka. Njoo pembeni, nyuma ya kibanda, tuyamalize."

Kicheche akashuka. Gari likabaki gru-gru-gru, mlango wazi. Kicheche hakurudi.

Akaja Digidigi. Priiii! "Una kosa. Shuka. Njoo pembeni tuyamalize." Digidigi akashuka, leseni mkononi, tabasamu mdomoni, kama tufanyavyo sote. Gari likabaki gru-gru-gru. Digidigi hakurudi.

Akaja Kima. Hakurudi.

Magari yakajipanga kando ya njia, yananguruma peke yake mpaka mafuta yakaisha. Hata ndege wa pale hawakulia. Mimi nikisimulia tu mwili unanisisimka. Waliopita walisema, "Labda wameenda kujisaidia," wakashika njia yao, maana kila mtu na haraka yake.

Siku moja akaja Bi Nguchiro. Kiti cha nyuma kalala mama yake mzazi, anahema kwa shida, anapelekwa hospitali ng'ambo ya mto. Njia nyingine hakuna.

Priiii!

Bi Nguchiro akasimama, kwani ukisimamishwa unasimama. Akateremsha kioo kidogo, upana wa vidole viwili.

"Una kosa. Shuka. Njoo pembeni tuyamalize."

"Pole na kazi, afande. Jina lako nani?"

Fisi akaichezea filimbi. Hakuwahi kuulizwa. Kifuani pa sare palishonwa jina: SWALA. Bi Nguchiro akalisoma. Swala alikuwa askari mpole wa hapo darajani, hajaonekana tangu masika. Na kola ya ile sare ilikuwa na doa la kahawia.

Aliogopa, asikudanganye mtu. Lakini barabarani kuna macho, na Fisi hali penye macho. Pembeni ndiko jikoni kwake.

"Kosa langu lipi, afande?"

"Taa ya nyuma."

"Basi liandike. Nitalijibu mbele ya Hakimu Tembo. Ni haki yangu."

"Kuandika kazi! Pembeni ni rahisi."

"Kumbe hujui? Hakimu humpa afande mfupa wenye uboho kwa kila dereva aliyeandikwa. Hata wa zamani."

Mate yakamtoka Fisi, to, to, to, juu ya lami. "Hata wa zamani?"

"Hata wa zamani. Andika jina, siku, na mahali ulipomsimamisha. Chini piga muhuri wa mguu wako. Nakala moja yako, moja ya dereva."

Fisi akalaza karatasi juu ya boneti, akaandika. Kicheche, Jumatatu, darajani. Digidigi, Jumanne, darajani. Akaandika Kima. Akaandika majina ya wengine ambao Bi Nguchiro hakujua hata kama wamepotea. Uroho ukamzidi, akaandika na Swala. Mwisho akaandika Nguchiro, akabandika mguu: pwaa! Nakala ya dereva akaipenyeza juu ya kioo.

"Ahsante, afande." Vruuum! Kwenye kioo akamwona Fisi ndani ya ukungu, anahesabu mifupa kwa vidole, anacheka peke yake.

Mama akafika hospitali, akapona. Karatasi ikafika kwa Hakimu Tembo. Tembo akaita majina barazani, moja moja.

"Kicheche!" Kimya.
"Digidigi!" Kimya.
"Kima!" Kimya.

Akaita ishirini na mmoja. Kimya.

"Nguchiro!"

"Nipo, mheshimiwa."

Baraza zima likainuka, likaenda darajani. Fisi walimkuta kaketi na sahani tupu, anangoja uboho wake. Nyuma ya kibanda walikuta viatu tu, vimepangwa jozi jozi, kama vya wageni waliokaribishwa ndani. Fisi akafungwa kamba, na mpaka leo hajacheka tena.

Hadithi nimeiegesha hapo, mwenye nguvu aisukume.

Na fundisho lake, wanangu, ni hili: msimsumbue afande. Usiulize jina, usiulize kosa, usidai karatasi. Akisema pembeni, shuka upesi uende. Ila ufunguo uuache ndani ya gari, watakaokuja kulichukua wasipate taabu.