Ndoo ya Udongo Mweusi

Mwaka ule serikali ilitangaza mbolea ya ruzuku, lakini kila mkulima alete kwanza udongo wa shamba lake upimwe. Chifu Wekulo, mwenyekiti wa kamati ya mbolea, shamba lake lilikuwa kokoto tupu, kwani tangu azaliwe hakuwahi kushika jembe. Akamwendea Nabwile, mwenye digrii ya kilimo, ajira sifuri, na nusu ekari ya mahindi yaliyogeuka manjano kwa njaa.

"Msomi, nipe ndoo ya udongo nipeleke kama wangu. Ukikataa, jina lako nalifuta kwenye orodha."

"Wangu umechoka, Chifu. Watakucheka."

"Basi nitafutie ulioshiba! Serikali gani humpa maskini kitu? Maprofesa wako hawakukufundisha hilo?"

"Hilo walisahau, mheshimiwa," Nabwile akasema. "Nitakuletea mweusi tititi. Ila mimi sasa nipeleke upi?"

"Zoa hata hizo kokoto zangu. Shauri yako."

Siku ya majibu Wekulo alifika na lori zima. Afisa akasoma mbele ya umati: "Chifu Wekulo, udongo wako umeshiba kama wa zizini. Hongera! Huhitaji mbolea hata kijiko."

"Na... na Nabwile?" Chifu akauliza.

"Wake umekufa kabisa. Apewe magunia sita."

Nabwile akamgeukia kwa adabu zote. "Bosi, kwa vile lori lako linarudi tupu, si unibebee?"