Kibuyu cha Inspekta Kifaru

Hapo zamani za kale, na wala si kale sana, wanyama waliendesha pikipiki, na polisi walikaa barabarani kuwapima ulevi.

Bosi wa kizuizi alikuwa Inspekta Kifaru. Qualifications? Pembe, na mjomba anayeitwa Tembo. Msaidizi wake, Koplo Fisi, alishika kibuyu chenye mrija. Ukipuliza kikanyamaza, nenda zako. Kikilia, wewe mlevi: unafungwa kamba, au unatoa chai.

Ajabu, watoto, kililia kwa kila mtu! Kobe, mwimba kwaya asiyejua hata harufu ya pombe, alipuliza. Nyiiii! Kamba. Nyani, aliyelewa chakari, akapuliza. Nyiiii! Kamba.

Mara Pelele huyo, yule mnyama mdogo wa majabalini, juu ya pikipiki, tu-tu-tu-tu, mwanawe mgongoni anachemka homa.

"Simama! Puliza!" Fisi akabweka.

"Afande, please! Mtoto ananifia. Mganga yuko hapo tu, ng'ambo ya daraja."

"Procedure ni procedure, mama. Au una chai?"

Chai aitoe wapi? Akatega sikio. Mle kibuyuni kitu kikakwaruza: kwaru, kwaru. Kumbe wamemfungia nyenje, mdudu mpiga kelele! Ukimpulizia, ataachaje kulia?

Akaulegeza uso. "Afande, mashavu yangu madogo. Nionyesheni kwanza. Ila si wewe, Koplo, kifua chako cha kuku. Watu wanasema mwenye mapafu hapa ni Inspekta peke yake."

"Wanasema hivyo?" Kifaru akavimba.

"Mkubwa, usi..."

"Nyamaza, kifua cha kuku! Lete!"

Fuuuuu!

Nyiiiiiiii!

Kisha waliofungwa wakalipuka: "Inspekta mlevi! Kamba! Kamba!"

Pembe ikashuka hadi puani mwa Pelele. "Mimi sinywi! Kibuyu kimeharibika!"

Pelele hakurudi nyuma. "Basi kimeharibika tangu asubuhi, mkubwa. Ufungwe nao, au wafunguliwe wote. Chagua upesi, mwanangu hana muda."

Kifaru akautazama umati. Umati ukamtazama.

"Wafungueni!"

Pelele akaondoka mbio. Nyuma yake, vruuum! Nyani naye, huru, anayumba huku na huku akiimba.

"Mzuieni! Huyo amelewa kweli!" Fisi akapiga kelele.

"Aaa, wapi!" umati ukacheka. "Si hata Kobe mlisema hivyo hivyo?"

Hakuna aliyenyanyua mguu.

Pelele akageuka, akamwona, akaitupa pikipiki majanini. Nyani akampita mtoto sikioni, fyuuu, akavunja ukingo wa daraja, chubwi!

Pelele akashika mgongo wake. Mtoto bado anahema. Akainuka, akavuka daraja kwa miguu, mbio.

Nanyi wanangu, lishikeni hili: polisi akiwafunga wasiolewa, siku akimwona mlevi wa kweli atapiga kelele peke yake.