Kishada cha Zimwi

Paukwa!
Pakawa!
Aliyeshiba?
Anyamaze asikilize.
Mwenye njaa?
Naye asikilize.

Hapo kale, kando ya ziwa moja pana, aliishi mvushaji aliyeitwa Lutambi, na mkewe Nyamizi, na binti yao mmoja tu, Kabula. Hadithi hii mimi siipendi, ila mmeniomba nyinyi wenyewe.

Siku moja Kabula akaumwa na nyoka. Mguu ukavimba, ukavimba, ukavimba. Mganga wa nyoka alikaa kisiwani. Lutambi akamlaza mtoto mashuani, akatweka tanga. Tanga likaning'inia tu. Upepo hakuna! Kwa kasia ni safari ya siku nzima, na mtoto hana siku nzima.

Basi, juu ya jiwe pale ufukweni lilikuwa limekaa zimwi lenye jicho moja. Likasema, "Lutambi, upepo wa chini umekufa. Upepo wa juu uko hai. Chukua kishada changu kikuvute."

"Wataka nini?"

"Sitaki kitu."

Zimwi lisilotaka kitu! Nyinyi mngekubali? Msinijibu. Hamjaona mtoto wenu anakufa.

Kishada, yaani tiara ya kurushwa angani kwa kamba, kilikuwa kipana kama paa la nyumba. Lutambi akakibeba hadi mashuani.

Nyamizi akauliza, "Mume wangu, kupanda kitapanda. Kushuka je?"

Lutambi akafunga kamba yake mbele ya mashua, mafundo matatu, akayamwagia maji yakaze.

"Mume wangu, kupanda kitapanda. Kushuka je?"

Lutambi akakirusha. Kikapanda, kikapanda, kikapanda. Mashua ikachomoka, Nyamizi akaikimbilia hadi maji ya kifuani.

"Baba Kabula! Kupanda kimepanda! Kushuka je?"

"Mtoto anakufa, mama!"

Niseme kweli, kishada kilivuta. Mashua haikulala ubavu, tone la maji halikuingia, kasia halikuguswa. Jua halijafika utosini, kisiwa hicho hapo. Lutambi akacheka kwa furaha.

Watu wa kisiwani wakapiga kelele, "Shusha! Shusha! Shusha!"

Lingekuwa tanga, angelikunja. Kishada kiko mawinguni, atakikunja vipi? Akashika mafundo, yamekaza. Akashika kisu, kikateleza, maana kamba ile ilikuwa mshipa wa zimwi. Basi akafanya kama alivyozoea kufanya na kamba ya tanga: akaizungusha mkononi avute. Kishada kikavuta zaidi. Kamba ikauma mkono, haukutoka tena.

Mashua ikapita kando ya kisiwa. Wanawake walikuwa majini, mikono juu. Lutambi akamwinua Kabula kwa mkono uliobaki.

"Baba, na wewe?"

"Funga macho, mwanangu."

Akamrusha. Wakamdaka.

Mashua ikaenda, ikaenda, ikaenda, hadi kule ziwa linakoishia kwenye ukungu, wanakokaa mazimwi. Hakuna aliyesikia habari yake tena.

Siku ya tatu Kabula akarudishwa nyumbani, mguu umepona. Nyamizi akamkumbatia.

Mtoto akauliza, "Mama, nimekuwa mzito sana? Ndiyo maana baba hakuweza kushuka na mimi?"

Nyamizi akalia, wala hakujificha. Nami nikifika hapa hulia.

Hadithi yangu imekomea hapo, sina zaidi. Watoto, mkipewa kitu chenye nguvu, jifunzeni kwanza kukisimamisha, ndipo mkiwashe.