Hotipoti ya Wakwe

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yenyewe si ya mbali maana hotipoti zilikwishafika vijijini, palikuwa na mzee mmoja katika kijiji cha Ilundo, kule milimani kwenye baridi na viazi. Jina lake Asajile. Mzee Asajile alikuwa na binti mmoja tu, Tulinagwe, na binti huyo aliposwa na Lugano, kijana wa ng'ambo ya bonde, mtoto wa pekee wa mama mjane. Sikilizeni vizuri. Nikimaliza nitawauliza swali, na safari hii sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Siku ya mahari ikapangwa. Wakwe waje asubuhi, wazungumze, wamalize, kisha watu wale nyama choma uani. Mbuzi wakachinjwa, ndizi zikamenywa, vijana wakawasha moto. Lakini Tulinagwe akasema nyama peke yake haitoshi. Aliwahi kufanya kazi jikoni katika hoteli moja mjini, na huko alijifunza saladi ya viazi, ile nyeupe, laini, inayoteleza yenyewe ulimini. Akasema, "Mama mkwe wangu leo atakula kitu ambacho hajawahi kupikiwa na mtu."

Basi akaanza. Akachemsha viazi na maganda yake, akavimenya vingali vya moto huku akipuliza vidole, akavikatakata. Akachemsha mayai, akayakatia humo. Akatia kitunguu, hoho na pilipili manga. Mayonesi sasa. Duka la Ilundo lina sabuni na viberiti, mayonesi litoe wapi? Akaitengeneza mwenyewe: viini vya mayai mabichi, akapiga kwa uma, mafuta ya alizeti tone kwa tone, akapiga, limau kidogo, akapiga, mpaka ikawa nzito na mkono ukamuuma.

Bupe, mke wa kaka yake, akachungulia bakulini. "Wifi, mayai mabichi haya yataliwa hivi hivi? Hayaendi motoni?"

Tulinagwe akaangua kicheko, tena akawaita wenzake waje wacheke naye. "Jamani, mwoneni wifi yangu! Mayonesi iende motoni! Wewe wifi ukipewa mayonesi si utajipaka miguuni!"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bupe naye akacheka, maana afanyeje? Lakini neno lile lilimkaa kooni kutwa nzima.

Mila ya Ilundo, mwali haonekani na wakwe mpaka mahari ipokewe. Wanawake wakaja kumchukua wakamfungie chumbani. Akalichanganya lile bakuli harakaharaka, viazi bado vinatoa mvuke, akamwita shangazi yake. "Shangazi, hili lipeleke kijitoni, likae ndani ya maji ya baridi mpaka saa ya kula. Saladi ikiwa na joto haina ladha."

Haina ladha. Ndivyo alivyosema. Kule hotelini aliambiwa, tena kwa ukali, kwamba mayai mabichi yale yakikaa kwenye joto yanageuka sumu. Alijua. Ila siku ya furaha yake hakutaka neno sumu litajwe jikoni, akataja ladha.

Shangazi mwenyewe aliitwa Subilaga, dada yake Mzee Asajile, mjane. Hapakuwa na harusi wala msiba Ilundo ambao chakula chake hakikupita mkononi mwake, na hiyo ndiyo ilikuwa riziki yake. Akalitazama bakuli, akakitazama kijito kule chini, akasonya. "Wakwe niwape chakula cha baridi? Warudi kwao waseme Asajile amewalisha kiporo? Thubutu!"

Alikuwa na hotipoti moja kubwa ya maua, marehemu mumewe alimnunulia, hakuwahi kumwazima mtu. Akaitoa. Akaimwagia maji ya moto ndani ipate joto, akayamwaga, akaijaza ile saladi, akafunika, akaizungushia khanga, akaiweka karibu na moto wa nyama. Aliifanya kazi hiyo kwa upole, kama anayemlaza mtoto. Na hotipoti ikafungwa.

Wakwe wakafika. Shikamoo, marahaba, karibuni, wakaketi. Mambo yote yalikuwa yamekubaliwa wiki nyingi nyuma, kilichobaki ni kupokea tu. Lakini Mzee Asajile akalishika blanketi la bibi, lililoletwa na beberu kuwa mahari, akalipima kwa vidole.

"Blanketi gani hili? Mama yangu alimbeba binti huyu mgongoni, leo mnamfunika kwa kitambaa cha meza?"

Wakwe wakatoka nje, wakanong'onezana, wakarudi wakaomba radhi. Hotipoti imefungwa.

"Na beberu huyu mbona ana pembe moja? Ya pili mmeila njiani?"

Wakatoka tena, wakarudi tena, wakaomba tena. Hotipoti imefungwa.

Subilaga akaja mlangoni, akapiga goti. "Kaka, chakula kinangoja."

"Kingoje. Chakula kazi yake nini?"

Na moyoni mzee alikwishakubali tangu asubuhi! Beberu hakuwa na shida, blanketi halikuwa na shida. Alitaka tu kubembelezwa, maana Ilundo ukimtoa binti kabla jua halijapinda, watu wanasema ulikuwa umemchoka. Akabembelezwa. Jua likapinda. Akakubali, na vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia uani.

Chakula kikatengwa. Sasa, kule mgeni hali mpaka mtu wa nyumbani aonje mbele yake, na anayeonja ni mke wa mtoto wa kiume. Nani huyo? Bupe. Hotipoti ikafunguliwa, joto likampiga usoni. Akaonja. Saladi ilimng'ata ulimi, ilikuwa na uchachu, na chini ya uchachu palikuwa na harufu nyingine.

Akainua macho. Tulinagwe alikuwa ametolewa chumbani, amesimama pale kajipamba, anamtazama yeye aliyeshika kijiko. Bupe akakisikia kile kicheko cha asubuhi. Akajiambia: nikisema imechacha watanicheka tena mbele ya wakwe, na pengine ndivyo ilivyo, si ina limau? Akameza. Akasema, "Ni salama. Karibuni."

Wageni wakala nyama. Wakala ndizi. Saladi waliigusagusa kwa kijiko, wakaisukuma pembeni ya sahani kwa adabu. Tulinagwe akaona sahani moja, akaona ya pili, zote zimebaki nyeupe vilevile. Midomo ikaanza kumtetemeka. Lugano aliuona mtetemeko ule, akamwinamia mama yake, akamnong'oneza jambo.

Mama Lugano akashika kijiko. Akala, akala, akakwangua sahani, akaisogeza mbele. "Niongeze, mwanangu. Huu mkono nimeupenda." Tulinagwe akamwongezea huku machozi ya furaha yanamdondoka ndani ya hotipoti. Jamani, hakuna siku aliyofurahi kama ile, na mimi kila nikifika hapa roho inaniuma.

Jua lilipozama Bupe alikuwa nyuma ya banda la kuni anatapika. Ng'ambo ya bonde, Mama Lugano hakufika nyumbani kwa miguu yake, alibebwa. Wakampeleka zahanati, akatundikiwa maji, tumbo halikusikia. Kesho yake adhuhuri akafa, na neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama mkwe wake naye amekula, asije akashinda na njaa kwa pilikapilika za wageni.

Wakazika. Na hapo kaburini ndipo kaka wa marehemu, mjomba wa Lugano, alipotoa chungu.

Watu wa milima ile wana sheria ngumu. Mgeni akifa kwa chakula cha nyumba, nyumba hiyo itoe mkono mmoja. Mmoja, si miwili. Chungu kinatiwa katika mkono huo, unakivunja kaburini, na kuanzia siku hiyo mkono huo haumpikii mtu mwingine mpaka kufa. Chungu kikivunjika, koo mbili zinakula pamoja tena, na ndoa inasimama. Kikirudi kizima, hawapeani hata moto. Mkono ukiwa wa mwali mwenyewe, mwali haolewi. Nani anaoa mke asiyeweza kumpikia uji? Na anayekikabidhi chungu ni mwenye kufiwa. Lugano.

Mjomba akasema, "Semeni, tuwasikie."

Tulinagwe akamgeukia shangazi yake. "Nilisema kijitoni. Shangazi, nilisema au sikusema?"

"Ulisema ladha!" Subilaga akapiga kelele. "Ungesema kifo ningelala na bakuli humo kijitoni! Mimi niliweka sumu? Niliweka heshima! Aliyejua alinyamaza, leo asiyejua anyang'anywe sufuria? Mjane asiyepika nani atamwita kwake? Nitakula mawe?"

Mzee Asajile akajikongoja mbele, akanyoosha mikono. "Nipeni mimi. Ningekubali asubuhi, mngekula chakula kikiwa bado kizima. Nilikuwa nachezea beberu."

Mjomba akamtazama juu mpaka chini. "Wewe mzee lini ulishika mwiko? Unatupa mkono ambao haukugharimu kitu." Mzee akaishusha mikono yake.

Ndipo ikasikika sauti ya mtu ambaye hakuna aliyekuwa anamtazama. Bupe. "Mimi nilionja. Nilijua imeharibika."

Watu wote wakamgeukia.

"Ukasema ni salama!" Tulinagwe akamlilia. "Kwa nini, wifi? Kwa nini hukusema?"

"Ungenicheka," Bupe akasema. Akaketi chini kwenye udongo mbichi, akamvutia kwake mtoto wake mdogo. "Ungenicheka tena, wifi. Nami hawa wanangu, nikipewa chungu, nani atawasongea ugali?"

Lugano akakichukua chungu kwa mjomba wake. Akaenda kwa Subilaga. Mama wa watu akafumba macho, akangoja. Lugano akasimama pale, akamwacha. Akaenda kwa Bupe, mtoto akaanza kulia, akamwacha. Akaenda kwa Tulinagwe. Tulinagwe hakusema kijito tena, wala hakusema ladha. Alinyoosha mikono yote miwili, na machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni. "Nipe, Lugano. Nilijua mimi. Nipe yaishe."

Lugano akakivuta chungu kifuani kwake.

"Mama alikuwa ameshiba," akasema.

Mjomba akauliza, "Unasemaje?"

"Alikuwa ameshiba. Aliionja saladi kidogo akaniambia, mwanangu, hiki kitu kinanuka. Nikamwona Tulinagwe anataka kulia. Nikamwambia, Mama, kula tu, kwa ajili yangu, mchumba wangu asiaibike mbele za watu." Akakitazama chungu. "Hakutaka. Akala."

Mjomba akamshika mkono kwa nguvu. "Nyamaza! Umesikia? Nyamaza! Mwana akivunja chungu cha mama yake hana ukoo tena, hana pa kuzikwa. Jua linatua, Lugano. Mpe mmoja wao, twende nyumbani."

Lugano hakumpa mtu, wala hakukitupa. Alisimama ukingoni mwa kaburi, chungu kifuani, mama chini, mchumba mbele yake amenyoosha mikono, na jua linaenda.

Mimi nilipoachiwa hadithi ndipo ninapowaachia. Msiniambie wagawane, chungu ni kimoja, na sheria imesema mkono mmoja. Yupo aliyejua akataja ladha. Yupo aliyefunika kwa heshima. Yupo aliyewakalisha watu kwa ajili ya beberu. Yupo aliyeonja akameza. Na yupo aliyemwambia mama yake kula tu. Haya, usimtazame mwenzako, nimekuuliza wewe. Je, kukivunja chungu kile, nani alistahili?