Radhi Moja ya Bi Mwanakombo

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na msiniulize nilisimama wapi. Wengine watawasimulia kwa kusikia. Mimi nilikuwapo tangu picha ilipopigwa, na darasa la sita nililoishia halikunizuia kuelewa kila kitu, pamoja na hiyo sheria mpya yenyewe.

Mtaani kwetu Tanga walikuwapo watu watatu wenye vipawa. Riziki alikuwa na mkono: akikuchora hina, hata mama mkwe anasahau kukununia. Mbwana alikuwa na jicho: akikupiga picha, unatoka ulivyotamani kuzaliwa. Na Shemahonge, muuza hina na udi mtandaoni, alikuwa na ulimi: akikusifia udi wake, unajuta kupewa pua moja tu.

Mwaka jana, kwenye harusi ya jirani, Riziki alimchora Bi Mwanakombo, mama yake mdogo aliyemlea tangu mchanga. Hana mama mwingine. Bi Mwanakombo akainua mikono, akacheka mpaka magego yakaonekana.

"Mbwana, nipige hivi hivi! Mume wangu aione."

Mbwana akapiga. Mume akaiona, akafurahi. Ingeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuwaambia.

Lakini picha ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, basi Mbwana akaiweka kwenye ukurasa wake bila kumuuliza mwenyewe.

Shemahonge akaiona, akamfuata Riziki. "Dada, huyu si mama yako? Atakasirika nikimtia kwenye tangazo la hina?"

"Aa, mama atafurahi huyo," Riziki akajibu. Naye hakumuuliza.

Shemahonge akaandika chini ya picha: "Bi Mwanakombo anasema: mimi wiki haipiti sijajipamba!" Bi Mwanakombo hakuwa amesema hata nusu yake. Tangazo likazunguka msimu wote wa harusi, kisha likapumzika. Ila Shemahonge alikuwa ameliweka lijirudie lenyewe kila msimu, na akalisahau.

Mwaka huu mume wa Bi Mwanakombo akafariki. Mbwana na Shemahonge walibeba jeneza, Riziki alipika msibani. Mjane akaingia eda: nguo nyeupe, hana wanja, hana hina, hatoki. Msimu wa harusi ukafika, na tangazo nalo likaamka. Mtandao ukalipeleka kwa nani? Kwa mawifi! Maana mtandao unajua nani ni ndugu wa nani kuliko mshenga yeyote.

Wifi mkubwa akaingia chumbani, simu mkononi. "Mwanakombo! Udongo wa ndugu yetu haujakauka, wewe unatangazia watu hina?"

"Hina gani, wifi? Tazama mikono yangu."

"Ya kwako hiyo nimeiona. Na hii ya simuni ni ya nani?"

Mjane akatazama, akajiona anacheka. Tangu siku hiyo mawifi hawakukanyaga kwake, hata kwenye dua ya marehemu.

Riziki aliposikia, hakuuliza ni tangazo gani. Kwa sababu yeye tangazo alikuwa ameliona kabla ya mawifi. Wateja walikuwa wakimpigia simu: "Tuchoree maua kama ya yule mama." Akajiambia kesho atamwambia Shemahonge aliondoe. Kesho akaja bibi harusi na shangazi zake wote, na keshokutwa akaja mwingine.

Sasa, sheria mpya ilikuwa imeanza kazi. Inasema sura ya mtu ni yake, haitangazi biashara ya mtu mpaka mwenyewe aridhie, na mtandao ukiambiwa uondoe, uondoe. Bi Mwanakombo akalalamika, tangazo likaondolewa chai yake haijapoa. Akaambiwa pia anaweza kuwashitaki wote watatu. Akakataa.

"Sheria imeniondolea picha," alisema. "Mawifi itanirudishia? Mie nina radhi moja tu. Aje mwenye kosa kubwa kuliko wenzake, nimsamehe, aingie na kutoka humu kama zamani. Waliobaki sina kesi nao, ila mlango wangu wasiugonge tena."

Basi nikaona kioja ambacho nyinyi hamjakiona: watu wanagombania kosa! Wanaume wakakaa nje ya pazia, Riziki akapiga magoti ndani.

"Mama, chanzo ni mimi," alisema Mbwana. "Ulinipa sura yako kwa ajili ya mumeo, mimi nikawapa watu wote. Nisingeiweka, wasingepata cha kutangaza."

"Kucheka pichani si aibu," Shemahonge akadakia. "Mimi ndiye niliyekutilia maneno mdomoni. Nimemzika mumeo kwa mikono hii, na tangazo langu sikulikumbuka."

"Wewe bwana," Mbwana akamnong'oneza, "hata kwenye makosa unataka duka liwe lako?"

"La kwangu ni la kwangu, usinipore!"

Riziki akasema, "Mama, hao walisahau. Mimi nililiona limerudi, nikaliacha, kwa sababu lilikuwa linaniletea wateja."

Na mtandao? Haukuja. Hauna magoti.

Haya, mliokaa hapo mnatafuna karanga zangu: ingekuwa nyinyi, mlango mngemfungulia nani?

Ila kabla hamjaanza kubishana, kitu kimoja nimekitia mwenyewe. Wale wawili walisema kama nilivyowaeleza. Riziki hakusema. Alipiga magoti, akafungua mdomo, akaufunga. Mama yake mpaka leo hajui kwamba tangazo aliliona limerudi.

Haya, amueni upya. Na wewe uliyekwisha kumpa Riziki radhi, bado unampa?