Wale Walioitana Daktari

Isome hii hadi mwisho, kisha mtumie yule rafiki ambaye picha zake unaziona kila siku lakini sauti yake huikumbuki.

Palikuwa na binti mmoja, Atuganile, mzaliwa wa Tukuyu, aliyekwenda nchi ya baridi kusomea uzamivu, yale masomo ya juu kabisa ya kuwa daktari wa vitabu, siyo wa sindano.

Kila Jumamosi aliweka picha Facebook. Mara yuko maktaba anacheka, mara amesimama mbele ya ukumbi na kadi ya mkutano shingoni. Chini ya jina lake aliandika: "Mtafiti. Daktari mtarajiwa." Watu wakamiminika.

"Hongera Dokta!"

"Umetutoa kimasomaso!"

Mama yake akawa anazunguka na simu kanisani, anaonyesha.

Hakuna aliyejua kwamba msimamizi wake alikuwa akimrudishia sura ileile ya tatu ya tasnifu yake. Wala kwamba kuna siku jua lilizama bila yeye kusikia mtu akimwita jina.

Katika kundi la WhatsApp la wanafunzi wa uzamivu alikuwemo Zamoyoni, Mtanzania aliyesoma nchi nyingine. Picha zake ziling'aa kuliko za wote. Atuganile alitamani sana kumwandikia, akajizuia. "Yule kafika mbali. Nitamwambia nini mimi niliyekwama?"

Asubuhi moja uvumilivu ulimwishia. Akapiga picha ukurasa uliojaa kalamu nyekundu, akauweka kundini: "Jamani, sura imerudi mara ya nne. Nafungasha, narudi nyumbani."

Mmoja tu akatania, "Dokta nawe, acha deko!"

Kisha Zamoyoni akamfuata inboksi.

"Dada, ni kweli hii?"

"Kweli, kaka. Huu mwaka wa pili nimekwama."

Zamoyoni akaandika, "Mimi niliacha chuo tangu Machi. Niko Tanga kwa dada yangu. Zile picha ni za zamani."

"Wewe! Kwa nini?"

"Sura yangu ilirudishwa mara mbili tu. Siku hiyo nikafungua ukurasa wako, nikakuona unacheka maktaba. Nikasema, wenzangu wanapita, mwenye kichwa kibovu ni mimi."

Atuganile akalia. "Kaka, nilitaka kukuandikia siku nyingi."

"Ungeandika, dada."

"Basi rudi, tusome pamoja."

"Nafasi yangu kapewa mwingine. Lakini wewe usifungashe. Nitumie hiyo sura niisome. Nimekumbuka kusoma."

Akaituma. Jioni ikarudi na maoni ya kurasa tatu, safi kuliko ya msimamizi. Atuganile akayasoma mara mbili, akajua kwamba aliyeacha alikuwa na akili kumzidi yeye aliyebaki.

Funzo: Ukionyesha mavuno tu na kuficha mawe ya shambani, kuna mwenzako atatupa jembe akidhani mawe yapo kwake peke yake. Sema mapema ulipokwama.